Seli za dendriti za panya na za binadamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa sayansi za maabara na watafiti wanaoanza, hapa Mombasa na kaunti jirani za Kwale na Kilifi. Wengi wao husoma makala zilizofanywa kwa panya, kisha hushika damu ya binadamu na kushangaa mbona mambo hayalingani. Tumejibu kwa urefu pale makosa yanapotokea sana.

Seli za dendriti ni nini hasa?

Ni seli za kinga zenye matawi, zinazokaa ngozini, mapafuni, kwenye utando wa utumbo, kwenye bandama na kwenye tezi za limfu. Hunyakua vipande vya vijidudu, huvikatakata, kisha zile za ngozini na utumboni husafiri kwa mishipa ya limfu hadi kwenye tezi, zile zikivimba kinenani tunaziita mitoki, na huko huvionyesha kwa seli T. Makrofaji nazo hula vijidudu, tena kwa wingi zaidi, lakini nyingi hubaki palepale. Umahiri wa seli ya dendriti ni kuiamsha seli T ambayo haijawahi kukutana na adui huyo.

Paul Langerhans aliziona kwenye ngozi ya binadamu mwaka 1868 akadhani ni za mfumo wa neva. Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza upya mwaka 1973 kutoka kwenye bandama la panya, na Steinman akatunukiwa Nobeli mwaka 2011. Tangu 1973 sehemu kubwa ya elimu hii imejengwa juu ya bandama la panya, na hapo ndipo maswali mengi ya ukurasa huu yanapoanzia.

Mkisema "panya", ni panya yupi?

Swali la haki, kwa sababu Kiswahili kinatumia neno moja kwa wanyama wawili. Hapa ni panya mdogo wa maabara, *Mus musculus*, mwenye uzito wa gramu 20 hadi 25, si panya buku. Tena ni wa nasaba maalumu waliozalishwa ndugu kwa ndugu hadi wote wakafanana kijeni. C57BL/6 ndiye anayetumika zaidi, na BALB/c humfuata. Hao wawili hawajibu sawa: wakiambukizwa kimelea *Leishmania major*, C57BL/6 hupona na BALB/c hushindwa. Kwa hiyo hata kabla ya kumlinganisha panya na mtu, uliza ni panya wa nasaba gani.

Je, seli za dendriti za panya na za binadamu ni zile zile?

Ukoo ni mmoja, mavazi ni tofauti. Kwa miaka mingi kila upande ulizipa seli majina kufuatana na kingamwili zilizokuwepo kwenye friji: kila "CD" ikiwa ni alama ya juu ya seli inayoshikwa na kingamwili yake. Wa panya wakasema "CD8α chanya" na "CD11b chanya", wa binadamu wakasema "CD141 chanya" na "CD1c chanya". Makala za pande mbili zikawa hazisomani. Mwaka 2014 lilitolewa pendekezo la kuziita kwa asili yake, yaani kwa jeni zinazoongoza ukuaji wake, na majina hayo ndiyo yanayotumika sasa.

cDC1, yaani seli za dendriti za kawaida za aina ya kwanza, huhitaji jeni za IRF8 na BATF3. Kazi yake kuu ni kuchukua antijeni, yaani kipande kinachotambuliwa na kinga, iliyotoka nje ya seli, kwa mfano kutoka kwa seli iliyokufa kwa virusi au saratani, na kuionyesha kwa seli T za CD8. cDC2, za aina ya pili, hutegemea zaidi IRF4, huamsha hasa seli T za CD4, na ndiyo yenye sura nyingi kuliko zote. pDC, yaani seli za dendriti za plazmasaitoidi, huongozwa na TCF4 na hutoa interferoni ya aina ya kwanza, protini ya kupambana na virusi, kwa wingi sana zikikutana na virusi.

Koo zote tatu zipo kwa panya na kwa mtu. Mwaka 2017 usomaji wa RNA ya seli moja moja kwenye damu ya binadamu uliongeza makundi mengine, likiwemo lile lenye AXL na SIGLEC6. Kundi hilo lina CD123 kama pDC, na kwa muda mrefu lilikuwa likihesabiwa ndani ya pDC. Ukisoma makala ya zamani inayodai kwamba pDC za binadamu zinaamsha seli T vizuri au zinatoa IL-12 (protini ya kuzichochea seli T), fikiria kwanza kwamba huenda waliokuwa wakifanya kazi hiyo ni hawa wageni.

Alama zipi zinalingana, na zipi zinapotosha?

Anza na chache zinazovuka mipaka ya spishi. XCR1 iko kwenye cDC1 ya panya na ya mtu, na kwetu ndiyo alama bora kuliko zote. CLEC9A nayo inaonyesha cDC1 pande zote mbili, ila kwa panya pDC nazo zina kiasi chake. CADM1 iko juu kwenye cDC1, na SIRPα, yaani CD172a, iko juu kwenye cDC2, kwa panya na kwa mtu. Ukiwa na XCR1 na SIRPα tu tayari unaweza kutenganisha koo mbili kubwa katika spishi zote mbili kwa lugha moja.

Zinazopotosha ni nyingi. CD8α iko kwenye cDC1 za bandama la panya, lakini cDC1 ya binadamu haina. Mwanafunzi anayetafuta "seli ya dendriti ya CD8" kwenye damu ya mtu hataipata. Hata kwa panya, cDC1 za mapafuni na utumboni hazina CD8α. Hutambulika kwa CD103.

CD11c kwa panya ndiyo mlango wa kawaida: chukua seli zenye CD11c na MHC daraja la pili (molekuli za kuonyeshea antijeni) kwa wingi, na umekaribia. Kwa mtu mlango huo uko wazi kwa kila mpita njia, kwa sababu monosaiti za binadamu, seli nyeupe za damu zinazoweza kugeuka makrofaji, zina CD11c nyingi. Na pDC ya binadamu haina CD11c kabisa, ilhali ya panya inayo kidogo. Kwa hiyo "seli zote za CD11c" ni kundi moja kwa panya na kundi lingine kwa mtu.

CD1c ni alama ya cDC2 ya binadamu, lakini seli B nazo zinayo. Usipoziondoa seli B kwa CD19 au CD20, idadi yako ya cDC2 itavimba bila sababu. Kwa panya usiitafute CD1c: panya ana CD1d peke yake, na CD1a, CD1b na CD1c hana hata jeni zake. CD141 nayo huonekana kidogo kwenye monosaiti na cDC2 na huongezeka seli zikikaa kwenye chupa, ndiyo maana tunashauri iambatane na CLEC9A au XCR1.

Kwa pDC orodha hazikutani kabisa. Binadamu: CD123, CD303 na CD304. Panya: SiglecH, B220 na BST2. BST2 ni nzuri kwa panya aliyetulia tu. Interferoni ikishamwagika, seli za kila aina huanza kuivaa, na panya aliyeambukizwa ataonekana ana pDC maradufu ambazo hazipo.

Langerin inahitaji angalizo lake. Kwa panya iko kwenye seli za Langerhans na pia kwenye cDC1 za ngozini zenye CD103. Kwa mtu, cDC1 haina, bali baadhi ya cDC2 huwa nayo kidogo. Na seli za Langerhans zenyewe, kwa asili, ziko karibu zaidi na makrofaji: hutoka kwa chembe za wakati wa mimba na kujizalisha humo humo kwenye ngozi.

Kazi zake zinatofautiana wapi?

Tofauti iliyogharimu watu muda mwingi ni TLR9, kipokezi kinachotambua DNA ya bakteria yenye mfuatano uitwao CpG. Kwa panya, TLR9 iko kwenye pDC na pia kwenye cDC. Ukimchoma panya CpG, karibu ukoo wote wa dendriti unaamka na IL-12 inamwagika. Kwa mtu TLR9 iko hasa kwenye pDC na seli B. Dawa ile ile kwa mtu huamsha kundi dogo, na cDC huamshwa kwa njia ya mzunguko tu. CpG haikosi faida kwa binadamu. Marekani iliidhinisha mwaka 2017 chanjo ya homa ya ini aina ya B yenye CpG. Ila kipimo cha nguvu ulichokiona kwa panya usikihamishe.

IL-12 nayo: kwa panya mzalishaji mkuu ni cDC1. Kwa mtu cDC2 ni mzalishaji hodari pia, kwa hiyo mpango wa "kuilenga cDC1 ili tupate IL-12" una mantiki dhaifu kidogo kwa binadamu. Ile kazi ya kuionyesha CD8 antijeni ya nje, kwa panya cDC1 wameishikilia karibu peke yao. Kwa mtu cDC1 bado ni bora hasa kwa mabaki ya seli zilizokufa, lakini cDC2 na hata pDC zinaweza pia.

TLR8 kwa mtu hutambua RNA na iko kwenye monosaiti na cDC2. Ya panya haijibu vichocheo vile vile. TLR11 ya panya inafanya kazi, ya kwetu ni jeni iliyokufa. TLR3 kwenye cDC1 inalingana.

Na CD1 tuliyoitaja juu ina uzito wake hapa Pwani, penye kifua kikuu. CD1a, CD1b na CD1c huonyesha mafuta ya ukuta wa mycobacteria kwa seli T. Panya wa kawaida hana mlango huo hata mmoja, kwa hiyo chochote kinachopitia hapo hakitaonekana kwake, hata jaribio likifanywa kwa usafi wa hali gani.

Sumu ya bakteria (LPS): dozi ya panya inafaa kwa seli za binadamu?

Hapana. Washiriki wa hiari kwenye tafiti hupata homa kwa nanogramu 2 hadi 4 kwa kilo, ilhali panya huhimili dozi za zaidi ya mara elfu. Kwenye chupa, LPS kidogo iliyofichika ndani ya seramu au protini uliyotengeneza kwa *E. coli* inatosha kuzikomaza seli za binadamu kabla hujaanza jaribio. Kama tundu la sahani yako la "bila kichocheo" lina CD86 na CD83, alama za ukomavu, juu, shuku maji, seramu na protini kwanza. Pima endotoksini kabla ya kulaumu seli.

Seli zinazooteshwa kwenye chupa ni seli za dendriti kweli?

Kwa kiasi. Za binadamu hutengenezwa kwa monosaiti za CD14: milioni 1 kwa mililita, protini za kukuzia seli, yaani GM-CSF nanogramu 50 kwa mililita pamoja na IL-4 nanogramu 20 hadi 50, siku 5 hadi 7, nusu ya maji ya lishe ikibadilishwa siku ya tatu. Zikifaulu hupoteza CD14 na kupata CD209 na, mara nyingi, CD1a. Ni kifaa kizuri, lakini zinafanana na seli za uvimbe wa maradhi kuliko cDC za damu.

Za panya hutoka kwenye uboho wa mifupa ya paja na muundi. Panya mmoja hutoa seli milioni 30 hadi 50. Kwa njia ya GM-CSF weka seli milioni 2 kwenye sahani ya sentimita 10 yenye mililita 10 za lishe na nanogramu 20 kwa mililita, ongeza mililita 10 siku ya tatu, badilisha nusu siku ya sita na ya nane, vuna siku ya kumi. Kinachotoka ni mchanganyiko wa makrofaji na seli za dendriti, na wote wana CD11c. Tafiti nyingi za zamani ziliuita mchanganyiko huo "seli za dendriti" bila kuutenganisha. Ukitaka kitu chenye cDC1, cDC2 na pDC, tumia protini nyingine ya kukuzia, Flt3L, nanogramu 100 hadi 200 kwa mililita, seli milioni 1.5 hadi 2 kwa mililita, siku 8 au 9, na usizichokoze katikati.

Kosa linalomaliza bajeti: GM-CSF na IL-4 za binadamu hazifanyi kazi kwenye seli za panya, wala za panya kwenye seli za binadamu. Flt3L ya binadamu inafanya kazi kwa panya. Soma kibandiko cha kichupa kabla ya kuyeyusha.

Nahitaji damu kiasi gani?

Piga hesabu kurudi nyuma. Mililita moja ya damu ya mtu mzima hutoa seli za nyuklia moja milioni 1 hadi 2. Seli za dendriti zote kwa pamoja ni takriban asilimia 1 au pungufu ya hizo. cDC1 ni takriban asilimia 0.03 hadi 0.05, yaani mmoja kati ya elfu mbili hadi tatu hivi. Mililita 10 zenye seli milioni 10 zina cDC1 kama 3,000 hadi 5,000 kabla ya hasara, na kuosha na kupaka rangi huondoa sehemu kubwa. Ukiishia na cDC1 100 zilizohesabiwa, kubahatisha kwa hesabu peke yake kunaleta kosa la asilimia 10. Kumi zikibaki, usiandike asilimia yoyote.

Bandama la panya ni utajiri: seli milioni 100 hivi, asilimia 1 hadi 2 zikiwa cDC, na takriban robo ya hizo ni cDC1. Lakini damu yake yote ni kama mililita 1.8. Ndiyo maana wa panya hutumia bandama na wa binadamu hutumia damu, na ndiyo maana makala nyingi za "panya dhidi ya mtu" kwa kweli ni bandama dhidi ya damu. Seli za damuni ni wasafiri ambao bado hawajakomaa. Tofauti nyingine zinazodaiwa kuwa za spishi ni tofauti za kiungo. Mwandishi asipolinganisha kiungo kwa kiungo, hitimisho lake tulipokee kwa tahadhari.

Damu inatoka Msambweni na maabara iko kisiwani. Nifanye nini?

Tumia mirija yenye heparini, iandike saa ya kutoa, na lenga kuanza kutenganisha ndani ya saa 4. Ukipita 8 mabadiliko ni makubwa. Foleni ya kivuko cha Likoni iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Sanduku la chanjo ni sahihi, barafu si sahihi: baridi huamsha chembe sahani na huzifanya granulosaiti zipande hadi kwenye tabaka la seli unazotaka. Weka pakiti za maji yaliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi ili ndani pawe nyuzi 18 hadi 25. Wakati wa kaskazi gari lililoegeshwa juani huvuka nyuzi 40 upesi, na mirija haiachwi humo hata kwa dakika za kununua maji.

Saa ya kutoa damu ina maana nyingine pia. Idadi ya seli nyeupe hubadilika mchana na usiku, na kotisoli hupunguza pDC damuni. Wachangiaji wote watoe saa zinazokaribiana. Utafiti ukiangukia Ramadhani, usichanganye waliofunga na wasiofunga kwenye kundi moja bila kuandika.

Nipe hatua za damu ya binadamu.

1. Changanya damu na PBS (maji ya chumvi ya maabara) kiasi sawa. Vyote viwe kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hivi.
2. Mimina taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, yenye uzito wa 1.077 g/ml: mililita 15 za Ficoll, mililita 30 hadi 35 za mchanganyiko kwenye mrija wa 50. Inamisha mrija, mimina kwa ukuta.
3. Zungusha 400 g kwa dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Breki ikibaki imewashwa, tabaka huvurugika na kazi yote imepotea.
4. Nyonya tabaka jeupe, osha kwa 300 g dakika 10, kisha kwa 200 g dakika 10 kuondoa chembe sahani.
5. Hesabu. Chukua angalau seli milioni 3 hadi 5 kwa kupaka rangi. Weka rangi ya kutambua seli zilizokufa, ziba vipokezi vya Fc, kisha kingamwili kwa dakika 20 hadi 30 kwenye nyuzi 4, gizani.
6. Ondoa CD3, CD19, CD56 na CD16, shika HLA-DR (MHC daraja la pili ya binadamu), kisha gawanya kwa CD11c, CD123, CLEC9A au XCR1, CD1c na CD303.

Angalia hatua ya sita: hatukuweka CD14 kwenye kapu la kutupa. Wengi huiweka ili kufukuza monosaiti, na pamoja nazo hufukuza kundi la DC3, lenye CD1c, CD163 na CD14 kidogo. Ni bora CD14 iwe na rangi yake peke yake uamue kwa macho. CD123 ikikuletea seli zisizo na HLA-DR, hizo ni basofili.

Sahani ikikaa kwenye meza yenye joto, rangi zilizounganishwa mbilimbili kama PE-Cy7 na APC-Cy7 huvunjika na kuanza kung'aa kwenye chaneli ya PE au APC. Utaona "chanya" mpya za uongo. Funika kwa foili, rudisha kwenye friji, na kingamwili zenyewe zisigandishwe kamwe.

Na bandama la panya?

Usiliponde kwenye chujio tu. Seli za dendriti zimejishika kwenye nyuzi za kiungo, na ukiponda unapata seli B na T tele huku zile unazotafuta zimebaki kwenye matambara. Katakata hadi liwe kama uji, tia kolajenasi D miligramu 1 kwa mililita na DNasi I miligramu 0.1 kwa mililita, nyuzi 37 kwa dakika 30. Ongeza EDTA hadi milimola 10 kwa dakika 5 ili kuzibandua seli zilizoshikana na seli T, pitisha kwenye chujio la mikromita 70, kisha vunja seli nyekundu kwa kimiminika cha ACK dakika 1 hadi 2. Vimeng'enya vyenye tripsini nyingi hukata alama za juu ya seli, kwa hiyo kila kopo jipya lijaribiwe kabla ya jaribio lenyewe. Bila DNasi seli hushikana kama kamasi.

Kisha ondoa CD3, CD19 na NK1.1, ondoa makrofaji kwa CD64 na F4/80, shika CD11c na MHC daraja la pili, gawanya kwa XCR1 na SIRPα. Kama ni BALB/c, kingamwili ya NK1.1 haitashika kitu, tumia CD49b.

Joto la Mombasa linawaathiri panya wa maabara?

Linaathiri matokeo. Maabara nyingi duniani huweka panya kwenye nyuzi 20 hadi 24. Kwa panya hiyo ni baridi, kwani starehe yake iko karibu na nyuzi 30, na mwitikio wa kinga dhidi ya uvimbe hubadilika kati ya joto hilo na hilo. Chumba chako kikiwa nyuzi 22 umeme ukiwepo na 31 ukikatika, umewaweka panya wako kwenye majaribio mawili bila kukusudia. Chagua joto moja, liandike kwenye makala, na weka kipimajoto kinachorekodi usiku kucha.

Tunaweza kutumia panya wa Marikiti au wa bandarini?

Kwa kulinganisha na makala za kimataifa, hapana: nasaba haijulikani, umri haujulikani, na wanaweza kubeba leptospira. Hata hivyo fikra iliyo nyuma ya swali ina mashiko. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba kinga ya panya wa maabara waliolelewa kwa usafi inafanana na ya mtoto mchanga, na ya panya wa madukani inafanana zaidi na ya mtu mzima. Panya safi wa wiki 8 si mfano mzuri wa mtu wa miaka 40 aliyeishi na malaria, minyoo na kichocho.

Malaria inabadilisha nini?

Inabadilisha mengi, na mchango wa Kilifi hapa ni wa kujivunia. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwenye chupa kwamba seli nyekundu zenye *P. falciparum* hujishika kwenye seli za dendriti za binadamu na kuzizuia zisikomae. Mwaka 2001 watoto wa Kilifi waliokuwa wakiugua malaria walionekana kuwa na HLA-DR ya chini kwenye seli za dendriti za damuni. Kazi za baadaye zilionyesha kwamba uzuiaji huo wa kwenye chupa hutegemea sana uwiano wa vimelea kwa seli, kwa hiyo uwiano uandikwe kila mara.

*P. falciparum* haimwambukizi panya wa kawaida. Panya hupewa *P. chabaudi*, *P. yoelii* au *P. berghei*, na kila kimelea kina tabia yake. Kwenye maradhi ya ubongo ya *P. berghei* ANKA seli T za CD8 zina mchango mkubwa. Usiuhamishe utaratibu wote kwa mtoto aliyelazwa kwa sababu tu jina la ugonjwa linafanana. Kwa vitendo: mpime kila mchangiaji wa damu malaria, hata asiye na homa, kabla ya kumwita "mzima wa kulinganishia".

Kuna watu waliozaliwa bila seli hizi?

Wapo, ni wachache sana, nao ndio mizani bora ya kupimia panya. Panya asiye na BATF3 hukosa cDC1 na hushindwa kukataa uvimbe ambao mwenzake angeukataa; hilo lilichapishwa mwaka 2008. Mwaka 2011 walielezwa wagonjwa wenye kasoro ya IRF8 waliokosa seli za dendriti kwa viwango tofauti, na chanjo ya BCG ikawasambalia mwilini. Kenya BCG hutolewa mtoto anapozaliwa, kwa hiyo mtoto ambaye BCG imemsambaa anastahili kuchunguzwa kinga yake, zikiwemo seli za dendriti na monosaiti, si kutibiwa kifua kikuu pekee.

Panya waliopandikizwa kinga ya binadamu je?

Wanasaidia, lakini bila Flt3L ya binadamu hutoa seli za dendriti chache, na tezi zao za limfu ni dhaifu.

Vibali?

Kamati ya maadili ya taasisi kwanza, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kwa panya, kamati ya matumizi ya wanyama pia. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili ambacho mchangiaji wa Likoni au Changamwe ataelewa, na itaje waziwazi kama seli zitagandishwa au kusafirishwa nje ya nchi.

Bajeti yangu ni ya kingamwili chache. Ninunue zipi?

Kwa damu ya binadamu, rangi sita: CD3 na CD19 kwenye rangi moja, HLA-DR, CD14, CD1c, CLEC9A, na CD303. Rangi ya seli zilizokufa si anasa; seli zilizokufa hushika kila kingamwili, na kwa seli ambazo ni moja kati ya elfu tatu, uchafu mdogo unatosha kuziiga. Kwa panya: CD3 na CD19 kwenye rangi moja, CD11c, MHC daraja la pili, CD64, XCR1, SIRPα, na SiglecH. CD8α na CD11b ziache hadi mwakani. Na rangi yenye mng'ao mkali zaidi mpe yule aliye adimu zaidi, yaani cDC1, kwa mtu na kwa panya.